Swali la mwisho la Ken Jennings: kilichomwangusha ni kodi au ni dau?

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani maswali ya mwisho ya vipindi vya chemsha bongo hujadiliwa kana kwamba ugumu wake wote umo ndani ya swali lenyewe, na mshiriki aliyekosa huhukumiwa kwa jambo moja tu, kama alijua au hakujua. Naleta mchezo mmoja maarufu wa televisheni ya Marekani ambao, kwa maoni yangu, unaonyesha kwamba sehemu ngumu zaidi ya swali la mwisho huwa imeshapita kabla swali halijasomwa.

Kipindi ni Jeopardy!, kilichoanza mwaka 1964. Kwa ambao hawajawahi kukitazama, utaratibu wake ni wa kinyume: ubao unatoa maelezo, na mshiriki anatakiwa ajibu kwa umbo la swali. Yakitolewa maelezo kuhusu mlima mrefu kuliko yote barani Afrika, haitoshi kusema "Kilimanjaro"; atasema "Kilimanjaro ni nini?" Washiriki ni watatu, na hushindania kitufe. Anayejibu sawasawa huongezewa thamani ya swali hilo, na anayekosa hukatwa kiasi hichohicho. Yapo pia maswali machache yaliyofichwa ubaoni, yanayoitwa Daily Double, ambayo aliyeyaangukia huyajibu peke yake kwa dau analolipanga mwenyewe.

Baada ya raundi mbili huja Final Jeopardy, yaani swali moja la mwisho kwa wote waliobakiwa na fedha. Hapa mtangazaji hutaja mada tu. Kila mshiriki huandika dau lake kwa siri, kuanzia sifuri hadi fedha zote alizonazo, bila kuona wenzake wameandika nini na bila kuliona swali. Dau likishafungwa ndipo swali linafunuliwa, muziki unapigwa kwa sekunde 30, na kila mmoja anaandika jibu.

Ken Jennings, mhandisi wa programu za kompyuta kutoka Utah, aliingia katika kipindi hicho mwaka 2004. Zamani mshindi wa siku tano mfululizo alilazimika kuondoka, lakini kanuni hiyo ilifutwa mwaka 2003, kwa hiyo yeye aliendelea kushinda hadi akafikisha ushindi wa 74 na jumla ya dola 2,520,700. Katika michezo 65 alifika kwenye swali la mwisho akiwa na zaidi ya maradufu ya fedha za aliyemfuata, maana yake ni kwamba hata angekosa jibu asingeweza kushindwa, mradi dau lake liwe dogo.

Usiku uliorushwa hewani tarehe 30 Novemba 2004 ulikuwa tofauti. Katika raundi ya pili Jennings aliyaangukia maswali yote mawili ya Daily Double na akayakosa yote mawili, akapoteza dola 5,400 kwa moja na dola 4,800 kwa jingine. Alipofika kwenye swali la mwisho alikuwa na dola 14,400. Nancy Zerg, wakala wa nyumba kutoka California, alikuwa na dola 10,000. Mada iliyotajwa ilikuwa biashara na viwanda, na maelezo yenyewe, kwa Kiswahili changu, yalikuwa hivi: wengi wa wafanyakazi 70,000 wa ofisini ambao kampuni hii huwaajiri kwa msimu hufanya kazi miezi minne tu kwa mwaka.

Jennings aliandika FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi. Zerg aliandika H&R Block, kampuni inayowajazia Wamarekani fomu za kodi ya mapato, na ndilo lililokuwa jibu. Dau la Zerg lilikuwa dola 4,401, akafika dola 14,401. Dau la Jennings lilikuwa dola 5,601, akashuka hadi dola 8,799.

Hoja yangu ni kwamba dau la Jennings lilikuwa sahihi kabisa. Zerg akiweka fedha zake zote na kupata, angefika dola 20,000. Jennings alipanga kiasi cha kumfikisha dola 20,001 akijibu sawa, ili mpinzani wake asiwe na njia yoyote ya kumpita. Mchezo aliupoteza mapema zaidi, kwenye yale maswali mawili. Angepata mojawapo tu, angekuwa na dola 24,000 au zaidi dhidi ya 10,000, na swali la kodi lingekuwa mapambo. Watu wanakumbuka jibu la FedEx kwa sababu lilikuja mwisho.

Nawasilisha. Wenye hesabu na wenye kumbukumbu karibuni.

#2 Mnairobi

Asante kwa uzi, mkuu. Nakubaliana nawe kuhusu dau, ila naona umelipita swali lenyewe haraka mno, nalo lina ufundi wake.

Maelezo yalikuwa na vidokezo viwili vilivyotosha kuiondoa FedEx. Cha kwanza ni "wafanyakazi wa ofisini". Msimu wa Krismasi kampuni za vifurushi huongeza watu kweli, lakini wengi wao ni wapakiaji, wachambuzi wa mizigo na madereva, si watu wa kukaa kwenye meza na mafaili. Cha pili ni "miezi minne". Pilikapilika za Krismasi haziendi miezi minne, lakini kutoka Januari hadi tarehe 15 Aprili, siku ya mwisho ya Mmarekani kuwasilisha hesabu zake za kodi, unapata miezi minne karibu kamili. Anayeandika maelezo ya namna hii anajua kwamba neno "msimu" litaipeleka akili ya mtu kwenye sikukuu, kisha anaweka maneno mawili ya kumrudisha njiani, kama atapata utulivu wa kuyasoma ndani ya sekunde 30.

Hapa Kenya swali hilo lingekuwa rahisi kidogo kuliko huko kwenu Tanzania. Sisi, hata aliyeajiriwa na kukatwa kodi kila mwezi, lazima awasilishe ritani kabla ya tarehe 30 Juni, na wiki ya mwisho ya Juni utakuta foleni kwenye kila saiba, vijana wakiwajazia wazee fomu kwa malipo madogo. Mtu aliyewahi kupanga foleni ile angehisi harufu ya kodi mara tu aliposikia "msimu" na "ofisini" katika sentensi moja.

#3 Karani Mstaafu

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa zamani na sishawishiki kirahisi. Mtu ameshinda michezo 74, anajua wafalme, mito, mashairi na kemia, halafu siku moja anakosa Daily Double mbili katika raundi moja, kisha anakosa swali la mwisho linalohusu kampuni ambayo huko kwao ina ofisi kila mtaa. Mambo matatu kwa usiku mmoja. Je, hakuambiwa tu kwamba inatosha, apishe wengine? Televisheni ni biashara, na biashara ina wenyewe.

#4 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Shaka yako si ya ajabu, kwa sababu jambo hilo limewahi kutokea huko huko Marekani, na Jeopardy! yenyewe ni mtoto wa kashfa hiyo.

Katika miaka ya 1950 kulikuwa na kipindi kilichoitwa Twenty-One. Mwezi Desemba 1956 bingwa wake, Herbert Stempel, alishindwa na mhadhiri kijana, Charles Van Doren. Baadaye ilibainika kwamba Stempel aliagizwa apoteze. Mojawapo ya maswali aliyoagizwa ayakose lilikuwa ni filamu gani ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955, naye alikuwa akilijua jibu vizuri sana. Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1959 kwamba alikuwa akipewa majibu, na mwaka 1960 sheria ya mawasiliano ilirekebishwa, ikawa ni kosa la jinai kupanga matokeo ya mashindano ya maarifa kwenye televisheni au redio.

Baada ya hapo hakuna aliyeamini tena vipindi vya maswali. Merv Griffin alikuwa akitafuta namna ya kuvirudisha, na mkewe, Julann, akampa wazo: kama tatizo ni washiriki kupewa majibu, basi wapeni majibu hadharani na wao watafute maswali. Ndiyo asili ya ule mtindo wa kinyume nilioueleza hapo juu.

Kuhusu Jennings, fikiria pia faida, mzee wangu. Watazamaji waliongezeka sana kwa ajili yake. Kama kuna mtu wa kipindi aliyekuwa na sababu ya kupanga jambo, basi angepanga abaki. Na kukosa maswali mawili ya dau si ajabu kwa mchezaji wa aina yake, kwa sababu alikuwa na desturi ya kuweka madau makubwa kwenye Daily Double, na desturi hiyo ndiyo iliyomjengea mamilioni. Mtu anayeishi kwa madau makubwa kwa michezo 74 atakutana na usiku ambao mawili yanaangukia upande mbaya, bila mtu yeyote kumpangia.

#5 Mwalimu wa Hesabu

Habari za jioni wanajukwaa. Mleta uzi ameeleza dau la Jennings vizuri. Naomba nilichambue dau la Zerg, maana kila mtu humsifu kwa kuwa alishinda, na ushindi huficha mengi.

Kwa madau yaliyowekwa, yangeweza kutokea mambo manne. Wote wangepata, Jennings angemaliza na 20,001 na Zerg na 14,401, kwa hiyo Jennings angeshinda. Jennings angepata na Zerg akakosa, Jennings angeshinda kwa mbali. Wote wangekosa, Jennings angebaki na 8,799 na Zerg na 5,599, na bado Jennings angeshinda. Limebaki moja tu: Jennings akose na Zerg apate. Hilo ndilo lililotokea, lakini tazameni jinsi mlango ulivyokuwa mwembamba. Zerg alihitaji mambo mawili kwa pamoja, tena dhidi ya mtu anayejua zaidi yake, ambapo swali rahisi wote hulipata na swali gumu sana wote hulikosa.

Sasa tuseme angeweka dau dogo, lolote lisilozidi dola 1,200. Hata angekosa jibu angebaki na dola 8,800, yaani dola moja zaidi ya 8,799 za Jennings aliyekosa. Maana yake ni kwamba angeshinda kila mara Jennings anapokosa, awe yeye mwenyewe anajua jibu au hajui. Mlango ungepanuka bila kulipia chochote, kwa sababu Jennings akipata, Zerg hana njia kwa dau lolote.

Hili halikutokea kwa bahati ya namba. Wanaoufuatilia mchezo huu wanaijua kanuni ya theluthi mbili: aliye wa pili akiwa na zaidi ya theluthi mbili za fedha za anayeongoza, na anayeongoza akiweka dau la kumfunika, yaani la kumpita hata wa pili akiweka fedha zote na kupata, basi wa pili anaweza kukaa karibu na pale alipo na kungoja kosa. Theluthi mbili za 14,400 ni 9,600, na Zerg alikuwa na 10,000. Alikuwa ndani ya kanuni.

Kwa hiyo, mleta uzi, mimi nasema kwamba katika swali hili aliyecheza dau lake vizuri alishindwa, na aliyelicheza kwa udhaifu alishinda.

#6 Binti wa Pemba

Mwalimu, shikamoo. Hesabu yako ni safi, lakini imejengwa juu ya jambo ambalo Zerg hakulijua, nalo ni dau la Jennings. Wewe unahesabu leo ukiwa umeshaiona 5,601.

Tuligeuze. Tuseme Zerg ameamua kukaa pale alipo kama unavyoshauri, na Jennings, kwa kuwa naye anaijua kanuni ya theluthi mbili, amelitabiri hilo na kuweka sifuri. Jennings anabaki na 14,400. Zerg mwenye dau la 1,200 hafiki popote hata akijibu sawa, kwani atakuwa na 11,200. Ameshindwa kabla muziki haujaanza. Lakini Zerg mwenye dau la 4,401 anashinda kila mara anapolijua jibu. Dau alilolichagua lilikuwa dau dogo kuliko yote linalomwachia nafasi ya kushinda peke yake katika hali zote mbili, Jennings afunike au akae. Ni kweli lilimtaka ajue jibu. Ila mtu aliyefika hapo na dola 10,000 mbele ya Ken Jennings, kwa kujibu mwenyewe na kwa kuwahi kitufe, ana haki ya kudhani kwamba anajua mambo mawili matatu.

Tena kuna jambo la mada. Ilipotajwa biashara na viwanda, kila mmoja alijipima kabla ya kuandika dau. Huenda mama yule, aliyekuwa akiishi kwa kuuza nyumba, alijiona yuko kwake kuliko kama ingetajwa fasihi au sayansi. Hesabu yako imewachukulia wachezaji kana kwamba hawakusikia mada.

#7 Mwalimu wa Hesabu

Marahaba, binti. Umeeleza sawasawa jinsi mchezo huu unavyozunguka: wa pili akikaa, anayeongoza afadhali naye akae, anayeongoza akikaa, wa pili afadhali apande, wa pili akipanda, anayeongoza lazima afunike, akifunika, wa pili afadhali akae. Hakuna mahali pa kusimama pasipokuwa na jibu lake, na kwa nadharia kila mmoja angepaswa kuchanganya madau yake asitabirike.

Lakini mbele yetu tuna watu, si nadharia. Anayeongoza na akakaa kwa sifuri, kisha wa pili akapanda na kumpita, atajilaumu maisha yake yote kwa kushindwa ilhali jibu alikuwa nalo. Kwa woga huo viongozi wengi sana hufunika, na Jennings alifunika. Anayejua kwamba kiongozi anaelekea kufunika ana sababu nzuri ya kukaa. Hapo nabaki na msimamo wangu, ingawa jambo la mada nalipokea kwa heshima.

#8 Mswahili wa Toronto

Wakuu, mmenigusa kwa kuwa mji ninaoishi uliwahi kuwa jibu la kosa maarufu katika mchezo huohuo, na kosa lile linaunga mkono hoja ya mleta uzi kuliko mfano wa Jennings.

Mwezi Februari 2011 Jennings alirudi kushindana na Brad Rutter, bingwa mwingine wa kipindi, pamoja na kompyuta ya IBM iliyoitwa Watson. Walicheza michezo miwili, na jumla ya michezo yote miwili ndiyo iliyoamua mshindi. Swali la mwisho la mchezo wa kwanza lilikuwa chini ya mada ya miji ya Marekani: uwanja wake mkubwa wa ndege una jina la shujaa wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na wa pili kwa ukubwa una jina la pigano la vita hiyo. Jibu ni Chicago. O'Hare lilikuwa jina la rubani wa jeshi la majini aliyepewa nishani ya juu kabisa ya Marekani, na Midway ni pigano la baharini la Juni 1942. Binadamu wote wawili walilipata. Watson akaandika Toronto, na mbele yake alama tano za kuuliza.

Watu walicheka kwa sababu Toronto iko Kanada, na sisi wakazi wake tulicheka zaidi. Uwanja wetu mkubwa una jina la Lester Pearson, waziri mkuu wa zamani, na ule mdogo wa kisiwani una jina la Billy Bishop, ambaye ni shujaa wa angani kweli, lakini wa vita ya kwanza. Waundaji wa mashine walieleza kwamba iliwahi kujifunza kutoiamini sana mada, kwa kuwa katika Jeopardy! mada mara nyingi ni mzaha au fumbo. Kwamba Marekani ina miji midogo kadhaa inayoitwa Toronto. Na kwamba timu ya besiboli ya Toronto hucheza katika ligi ya Marekani.

Sasa angalieni dau. Watson ilikuwa na dola 36,681 na ikaweka dola 947 tu. Ikashuka hadi 35,734, Rutter akiwa na 10,400 na Jennings 4,800. Aibu ilikuwa kubwa na hasara haikuonekana. Ile mashine ilijua kwamba inaongoza kwa mbali, ikajua kwamba kuna mchezo wa pili unaofuata, ikaweka kiasi kisichoweza kuiumiza. Hatimaye ilishinda kwa jumla ya dola 77,147. Ilijibu vibaya kuliko wote na ikawa salama kuliko wote, na uamuzi uliofanya hivyo uliandikwa kabla neno "uwanja wa ndege" halijatamkwa.

#9 Karani Mstaafu

Asante mleta uzi kwa historia ile ya Van Doren. Nimeridhika nusu, nusu nyingine naibakiza kwa ajili ya umri wangu.

Naongeza kidogo. Katika kile kipindi kingine cha kutafuta milionea, mambo ni kinyume: pale unaliona swali kwanza, kisha unaamua kama utajibu au utaondoka na fedha zako. Kule Uingereza kilipoanza, aliyefika swali la kumi na tano alikuwa na pauni 500,000 mkononi. Akipata anakwenda milioni moja, akikosa anaporomoka hadi 32,000. Hapo dau hulipangi wewe, limeshapangwa, nawe umepewa nafasi ya kulikataa ukiwa umeshasoma swali. Naona ni ukarimu mkubwa ukilinganisha na huku mnakoandika dau gizani.

Na jambo la kuchekesha: mtu wa kwanza kuondoka na milioni katika toleo la Marekani, John Carpenter, Novemba 1999, alikuwa ofisa wa mamlaka ya kodi. Swali lake la mwisho lilihusu rais aliyewahi kutokea katika kipindi cha vichekesho cha televisheni, jibu likiwa Richard Nixon. Alikuwa hajatumia msaada wowote hadi hapo, akaomba kumpigia simu baba yake, na alipopokea akamwambia kwamba hahitaji msaada, anamjulisha tu kuwa anakwenda kushinda. Kodi ilimpa mmoja na kumnyima mwingine.

#10 Mnairobi

Karani, hiyo ya Carpenter nilikuwa nimeisahau kabisa, shukrani.

Swali langu kwa mwalimu na mleta uzi ni kuhusu ile dola moja. Zerg aliweka 4,401 akafika 14,401. Jennings aliweka 5,601 ili afike 20,001. Kwa nini kila mmoja aliongeza dola moja juu ya kumfikia mwenzake? Nimesoma mahali kwamba enzi hizo wakifungana wote wawili walihesabiwa washindi. Kama ni hivyo, 4,400 na 5,600 zingetosha.

#11 Mleta uzi

Umesoma sawa. Hadi mwaka 2014, washiriki waliofungana kileleni kwa fedha sawa wote walitangazwa mabingwa, wote walichukua fedha zao na wote walirudi mchezo uliofuata. Baada ya hapo ndipo likawekwa swali la ziada la kuwatenganisha.

Kwa hiyo, kwa fedha za usiku ule peke yake, dola moja haikuwa na kazi. Kazi yake ilikuwa ya kesho. Tuchukue upande wa Zerg: angeweka 4,400, Jennings akaweka sifuri na yeye akapata jibu, wangefungana kwa 14,400. Angeondoka na fedha nzuri, halafu mchezo unaofuata angesimama tena ubavuni mwa mtu aliyeshinda mara 74. Hakuna mshiriki mwenye akili timamu anayemtaka Ken Jennings arudi. Dola moja ilikuwa nauli ya kumrudisha Utah.

Upande wa Jennings hesabu ni nyingine. Kwake yeye kufungana na Zerg kwa 20,000 kungemaanisha kumrudisha mpinzani ambaye ameshaonyesha kwamba anaweza kumkaribia. Wapo wachambuzi waliokuwa wakishauri kinyume, kwamba kiongozi amwachie wa pili nafasi ya sare, kwa kuwa ni bora kurudi na mtu unayemjua uwezo wake kuliko mgeni usiyemjua, na kwa kuwa wa pili akijua anaachiwa sare atashawishika kuweka fedha zake zote na hivyo kuanguka kabisa akikosa. Sioni kama hoja hiyo ingemsaidia Jennings usiku ule. Tofauti kati ya 5,600 na 5,601 ingekuwa na maana kama angejibu sawa tu, na akikosa angebaki na dola 8,800 badala ya 8,799, zote zikiwa chini ya 14,401.

Anayetaka kujua yaliyompata Zerg kesho yake namjibu hapahapa kabla hajauliza: alishindwa katika mchezo uliofuata na kumaliza wa tatu. Jennings alipewa dola 2,000 za mshindi wa pili, na leo ndiye anayesoma maelezo akiwa mtangazaji wa kipindi.